Mrunda wa Katikati

Kitanda hakikuenea chumbani mpaka Mwanahawa alipong'oa mrunda mmoja, ule wa katikati, kati ya miti iliyoshikilia zege bichi la ghorofani. Fundi alikataza kuigusa kabla ya wiki tatu. Lakini walikwisha kuhamia, na mgongo wake ulikuwa umechoka mkeka.

Asubuhi alitandika shuka jipya. Tone la maji likaangukia shuka. Mumewe alikuwa juu akimwagilia zege.

Mwanahawa akaurudisha mrunda mahali pake. Haukuingia. Jana ulisimama hapo hapo wima. Leo umezidi kwa upana wa kidole.

“Baba Rehani, shuka,” akaita.

“Namalizia. Hapa katikati bado pakavu.”

Akaukumbatia mrunda, akisikiliza nyayo zikija juu ya kichwa chake.