Ushanga wa Raya

Siku hizi kila mtoto wa chekechea huvishwa ushanga unaonusa. Nyumbani kukiwa na moshi, unageuka mweusi mpaka mwalimu aubadilishe. Ukigeuka mara ya tatu, mtoto anahamishiwa nyumba yenye hewa safi, akalelewe huko. Wa mjukuu wangu Raya umeshageuka mara mbili, kwa sababu yangu mimi na mkate wangu wa kumimina. Jiko la umeme linaivisha chini tu. Mkate ule unataka na makaa juu ya kifuniko.

Jana Raya alirudi shingo tupu.

"Ushanga uko wapi, wewe?"

"Nimemvisha mbuzi wa jirani, Bibi. Washa vifuu."

"Na mwalimu wako akijua?"

"Nani atamwambia? Mbuzi?"

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Damu yangu kabisa huyu! Nikawasha vifuu, jiko likajaa moshi. Mara nikasikia kikohozi kidogo, mdomo kauficha kwenye mkono wa gauni.

"Umekohoa?"

"Sijakohoa. Ni yule mbuzi."

Nikamwagia makaa maji. Mkate ukatoka mweupe juu, umebonyea katikati. Akaula wote, akaapa kwamba haujapata kuwa mtamu vile. Mwongo mkubwa!

Asubuhi nimekwenda kumvua mbuzi ule ushanga, nikaukuta umegeuka mweusi. Kumbe moshi wangu unavuka ua. Nimeusugua kwa limau, nimeusugua kwa mchanga, hautakati.

Na Raya keshavaa viatu, ananiita nimfunge ushanga wake aende shule.