Mwanzo Usio na Tundu

Lynnette aliziba pua kwa vidole viwili, akatema mate pembeni, akapita bila salamu.

Mwanamke aliyekuwa bombani alimtazama tu. Alikuwa amechutama juu ya beseni la matumbo ya mbuzi, mikono ya kijani mpaka viwikoni, akiyageuza ndani nje kama mtu anayegeuza soksi. Kilichokuwa kikimwagika humo, Lynnette angeapa, yule mbuzi alikila mwaka jana. Nzi walikuwa wameitana na ukoo mzima.

"Mungu wangu," alisema, na hakusema polepole. "Watu wengine hata haya hawana. Uchafu wote huu njiani!"

Alikuwa na gauni jipya la kulinda. Leo ndiyo siku ya kuonekana na mamake mchumba wake, Lewa, huku Chaani, tena peke yake, maana mama mwenyewe ndivyo alivyotaka. Lewa alikuwa zamu bandarini na simu kaifungia kabatini. Maelekezo alikuwa ameyatoa tangu jana: "Pita bomba la maji, utaona vitambaa vimeanikwa. Mama hufuma. Na akiona tundu katikati ya kitambaa chako, jihesabu umerudi kwenu."

Kwa hiyo wiki tatu nzima Lewa alimfundisha mwenyewe, kibarazani kwao Lynnette, Port Reitz. Jamaa la bandarini, kifua kama mlango wa ghala, limeshika sindano ya kroshia! Alizungusha uzi mara mbili kwenye kidole, akafuma mishono kumi na miwili ndani ya kile kipete cha uzi, akavuta mkia wa uzi, na tundu likajifumba kama jicho. Kisha akapiga kifundo kidogo upande wa nyuma, mfano wa punje ya mtama.

"We haya ya kina mama umeyajulia wapi?" Lynnette alimcheka.

"Nyamaza, fuma."

Sasa vile vitambaa hivyo hapo, vimejaa kambani, na mlangoni kaketi bibi mnene, shavu moja limevimba kwa tumbaku.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta kitambaa."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Nilishasema huji tena."

Ndani, hakuna kilichoachwa uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata ndoo ya maji imevishwa. Lynnette alitoa kazi yake kwa mikono miwili. Bibi aliitazama, akasonya, akaitupa mezani.

"Umeziba katikati. Kitambaa gani hakipumui? Anza upya. Mishono sita ya mnyororo, uiunge duara, ufume kuizunguka. Tundu libaki, kidole changu kipite."

Lewa alisema kinyume kabisa! Halafu Lynnette akajituliza: wakwe hawaishiwi mitego. Huyu anampima utiifu.

"Sawa, Mama."

"Subiri, uzi umechanuka nchani." Bibi aliuchukua, akauingiza mdomoni, akausokota kwenye ulimi, akautoa umelowa rangi ya chai ya rangi. Akamrudishia. "Ukichanuka tena, ulambe hivyo hivyo."

Uzi ulichanuka tena. Saa hiyo hiyo, kama umetumwa.

Bibi alikuwa anamwangalia. Lynnette alimfikiria Lewa, akafikiria harusi, akafikiria keki. Akafumba macho, akalamba. Ladha ilikuwa ya kiatu kilichonyeshewa. Aliifuma haraka ile mishono sita, akaiunga.

"Vizuri," alisema bibi, na tone la kahawia likamdondokea kidevuni. Alilipangusa kwa kidole, na kidole kile kile akakipitisha kwenye tundu la kitambaa kipya kulipima. "Ehee. Hilo sasa linapumua."

Ili asitapike, Lynnette alitafuta maneno. "Mama, yule mwanamke wa bombani mnamvumiliaje? Ile harufu!"

"Yule?" Bibi alicheka mpaka tumbaku ikahama shavu. "Ngoja apike. Utalamba sahani."

"Mimi? Heri nilale njaa mwezi mzima."

"Hodi humu!"

Harufu iliingia kwanza, mwenyewe akafuata. Alikuwa amenawa, lakini ule ukijani ulibaki kwenye kucha. Lynnette alisogea mwisho wa kochi, akakunja gauni.

"Dada Kafedha, niazime lile sufuria lako kubwa."

"Liko uani, Mweri. Chukua."

Mweri hakwenda uani. Macho yake yalikuwa mezani, juu ya kile kitambaa kilichotupwa. Alikiokota, akapapasa katikati, akakigeuza nyuma. Ukucha wake ukasimama kwenye kifundo.

"Hiki kafuma nani?"

"Si huyu mwanafunzi wangu mpya? Nimemngoja tangu wiki jana, ndiyo kaja leo. Nishamwambia hivyo vya kuziba ni vyako wewe, mimi sivitaki."

Mweri alimtazama Lynnette taratibu, kuanzia viatu, akapanda na gauni, akafika puani, akakaa hapo.

"Kifundo hiki nimemfundisha mtu mmoja tu duniani, mwanangu Lewa," alisema, akamnyooshea ule mkono wa kucha za kijani. "Twende nyumbani, mama. Matumbo yote yale nilikuwa nakuoshea wewe."