Mkono Uliofundishwa Kusukuma

Mkono wa kulia wa Otmar uliusukuma mshumaa kabla mwenyewe hajaamua. Ulikuwa mshumaa mweupe wa kawaida. Mwanaima muuza duka alikuwa anampa tu, na sasa ulikuwa sakafuni, vipande viwili.

"Baba Ezekiel, kulikoni?" Mwanaima aliuliza.

"Umeniteleza," alisema, akautia mkono mfukoni. Ulikuwa uongo mtupu.

Kwa siku tisa mfululizo alikuwa akienda kwenye zahanati moja pale Kalangalala. Nesi Amira alimvika kofia yenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na umeme mdogo ukapita humo, ukimtambaa kama sisimizi chini ya nywele. Wakati huohuo kompyuta ilimwonyesha picha. Ikija sigara, asukume mpini uliounganishwa na kompyuta mpaka picha inywee na kutoweka. Likija embe au glasi ya maji, avute kwake. Picha mia mbili kila siku. Umeme unauamsha ubongo, Amira alieleza, na mazoezi yanaufundisha kuikataa sigara.

Mtaani walisema mengine. Walisema kofia ile inanyonya akili za wachimbaji. Mwanzoni Otmar aliwacheka.

Siku ya kumi, ya mwisho, alimuuliza Amira kama mkono unaweza kufanya jambo ambalo haukutumwa.

"Hapana, mzee wangu," Amira alisema. Kisha akaandika kitu kwenye faili lake. "Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Hakutaka wamwondoe kwenye matibabu kabla hajamaliza. Martina, mke wa mwanawe Ezekiel, alikuwa na mimba ya miezi minane, na Otmar alikuwa akimsubiri mjukuu huyo kama mtu anayesubiri mvua. Lakini wiki chache nyuma, kabla ya kofia, Ezekiel alikuwa amekuja na ujumbe.

"Baba, Martina anasema mtoto hatashikwa na mtu anayenuka sigara. Hata wewe."

"Amesema mwenyewe?"

"Wewe ni mkwewe, baba, angekuambiaje? Amenituma mimi." Ezekiel akacheka. "Halafu hajakosea. Hata nikiwa kule chini kwetu, ukiwasha tu, baba, najua."

Ezekiel alichimba dhahabu kwenye duara, yaani shimo la mgodi, lililokuwa jirani na duara la baba yake. Midomo ya maduara hayo mawili ilikuwa mbalimbali, lakini huko chini yalikaribiana, na mwamba uliokuwa katikati ulikuwa na ufa. Otmar aliyachukua maneno ya mwanawe kama lawama, yakamkaa moyoni. Kuhusu kofia hakumwambia mtu. Alishaacha sigara mara tatu na kuirudia mara tatu, na kila mara Ezekiel alikuwa amemwamini. Safari hii angesema akiwa na uhakika.

Siku zote hizo duara la Otmar lilikuwa limejaa maji na pampu zikiyavuta. Alhamisi asubuhi lilikauka, wakamwita. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa baruti. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikwenda vilevile: huteremka peke yake, huwasha sigara, huvuta taratibu mpaka nusu huku akikagua mashimo ya baruti, kisha huwasha utambi kwa moto wa sigara hiyohiyo.

Festo, mwendesha winchi, alimnyooshea sigara. "Fundi, yako hii."

Mkono ulikwishaisukuma. Sigara ilianguka kwenye tope.

"Leo nina kiberiti," Otmar alisema.

Festo aliitazama sigara, akamtazama Otmar. "Tangu nikufahamu hujawahi kulipua bila kuvuta. Mimi hii siipendi."

"Wewe shika winchi yako."

Alipuliza filimbi mara tatu, kama utaratibu ulivyotaka, kwa nguvu, ingawa kompresa ya jirani ilikuwa inanguruma. Waliokuwa juu walisogea mbali. Ndipo akashuka.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi tu. Otmar aliuangalia utambi, akahisi jasho likimtoka mgongoni. Ulikuwa mweupe, mwembamba, na baada ya kuwaka ungetoa moshi. Je, mkono ukiusukuma? Je, ukiurusha moto kwenye baruti akiwa bado amesimama hapo? Aliona wazi jinsi watakavyomwokota, na jinsi Martina atakavyomwonyesha mtoto picha tu ya babu yake.

Aliwasha kiberiti. Kisha akaukamata mkono wa kulia, ulioshika njiti, kwa mkono wa kushoto.

Mkono uliinuka kidogo. Kisha ukatulia. Utambi ukashika.

Alivuta kamba mara mbili na Festo akamzungusha juu haraka. Hakuchelewa hata kidogo. Alikuwa amekwishaketi nyuma ya mifuko ya mchanga, nusu sigara mapema kuliko siku zote, ardhi ilipotikisika.

Otmar aliutazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua. Ulikuwa wake. Na koo halikuwa likidai chochote. Alicheka kwa sauti mpaka machozi yakamtoka, na Festo, aliyekuwa amenuna, naye akaanza kucheka bila kujua wanachekea nini. Mchana akionana na Ezekiel, angemwambia yote, sponji na maembe na kila kitu. Angemshika mjukuu.

Vumbi lilipanda kutoka kwenye duara lao. Baada ya muda likapanda pia kutoka kwenye duara la jirani.

Ibrahimu, mmoja wa wenzake Ezekiel, alikuwa ametoka kuchota maji. Alikuja mbio, dumu bado mkononi.

"Baba Ezekiel, mbona leo hukuvuta?" alisema akihema. "Sisi kule chini filimbi hatuisikiagi, huwa tunatoka kwa harufu ya sigara yako. Ezekiel na wenzake walikuwa bado wanaisubiri."