Tepu Nyekundu

Fundi Kibwana aliinua kiti cha pikipiki, akagusisha ncha za mita ya umeme kwenye betri.

"Dada Mashavu, betri yako nzima kuliko mimi. Washa."

Mashavu akawasha. Alipovuta mafuta, namba ya volti kwenye mita, iliyopaswa kupanda hadi kumi na nne, ilibaki kumi na mbili, kisha ikaanza kushuka.

"Haijichaji hata kidogo. Sokoni unafikaje?"

"Mume wangu huichaji nyumbani kila jioni," alijibu, na kama siku zote akajivuna kidogo. Majirani walimwonea gere kwa hilo. Ila kila alipojaribu kwenda kwa mama yake ng'ambo ya mlima, aliyekuwa akimwita tangu masika, pikipiki ilimzimikia kwenye daraja la pili. Mumewe alikuja kumchukua akicheka: "Si nilikwambia? Hii ni ya sokoni tu."

Fundi alifuata waya wa chaji kwa kidole mpaka chini ya tangi, akabandua tepu nyekundu. Waya ulikuwa vipande viwili, umepitiwa na wembe.

"Huu haukukatika, dada. Umekatwa."

Mashavu aliijua ile tepu. Mumewe alifungia mfuniko wa redio yao kwa tepu kama hiyo.

Fundi akaunga waya. Namba ikapanda: kumi na tatu, kumi na nne.

"Nikufungie tepu mpya?"

"Hapana. Rudisha hiyohiyo, kama ulivyoikuta, asigundue."

Alielekea nyumbani polepole. Katika kioo cha pembeni, mlima ulikuwa umeingia mzima.