Shavu Lisilo na Kovu

Enzi hizo, mjini Suzhou, kila mwanamke aliyetimiza miaka sabini alichorwa picha kwa mtindo wa mabibi wa kale wa kifalme: joho jekundu lenye majoka ya dhahabu, taji lenye ndege wa lulu. Tangu picha itundikwe, sura yake halali ilikuwa hiyo ya ukutani, na milango yote ilimfungulia mwenye sura hiyo tu.

Mchoraji alimfunulia Ruolan kitabu cha macho, pua na mashavu, amchagulie mama yake, Bibi Shen. Ruolan alichagua shavu laini. Hakutaka mama akae ukutani na lile kovu la mafuta ya moto, alilolipata akimkinga yeye utotoni.

Siku picha ilipotundikwa, mama alirudi kutoka sokoni, mlango ukamgomea.

“Bibi Shen yumo ndani,” ulisema. “Wewe hutambuliki.”

Kutoka ndani, Ruolan alivuta kitasa mpaka viganja vikachubuka. Picha ikishatundikwa haiguswi tena, hilo alilijua.

“Mama, nilitaka upendeze tu.”

Mama aliichungulia picha kupitia kioo cha dirisha, theluji ikimwangukia mabegani.

“Nimependeza, mwanangu,” alisema. “Haya, mpakulie huyo wa ukutani wali wangu, usije ukapoa.”