Karanga za Konzi Moja

Mwanamke alifungua kitenge mbele ya kapu la samaki la Berthe, sokoni Kashikishi kando ya ziwa, akamwaga karanga za mbegu alizofukua shambani. Zilikuwa zimesinyaa, zimetobolewa na mchwa.

"Mama Berthe, mvula haikurudia."

Berthe alijua. Mwezi uliopita, mkutanoni kijijini kwa mwanamke huyu, bwana shamba aliwasihi watu wasipande bado. Mvua za siku hizi zimebadilika, alisema, ya kwanza hudanganya. Watu walimgeukia Berthe, aliyekuwa akiwapelekea samaki na habari za ziwa kwa baiskeli mwaka wa saba sasa.

"Wewe unasema nini?"

Samaki wake walikuwa wameanza kunuka juani. Alitaka mkutano uishe, auze.

"Mupande tu," alisema, akavicheka na viatu vya bwana shamba vilivyong'aa.

Sasa alingoja matusi. Alitamani hata kofi.

Mwanamke alifungua fundo kwenye pindo la kitenge. Ndani mlikuwa na karanga nzima, konzi moja tu.

"Hizi ndizo za mwisho. Bwana shamba alirudi jana, anasema tupande leo. Tumekatala, mpaka wewe useme."