Duara Lolote

"Mashimo mawili, katapila moja," alisema Marcel, msimamizi wa machimbo. "Tuonyeshe Edson kaingia duara lipi."

Ndaki aliiweka kompyuta yake juu ya pipa la maji. Wachimbaji walimzunguka, vumbi la machimbo ya dhahabu ya Segese limewapaka nyuso rangi moja. Mbele yao, palipokuwa na midomo ya maduara mawili, mashimo ya kuchimbia, yanayofanana kama pacha, palibaki miti iliyovunjika na udongo uliotitia. Ardhi ilishuka wakati wa chakula cha mchana, wachimbaji wote wakiwa kwa mama ntilie. Chini alikuwepo mtu mmoja tu, Edson, mdogo wake Ndaki, tumbo moja.

Na aliyempeleka chini ni Ndaki mwenyewe.

Alikuwa amechoka kuitwa mpiga video wa harusi. Kamera yake ya kidijitali ilionyesha kila kitu kwa ukali uleule, toka pua ya bibi harusi hadi mbuzi wa jirani aliyepita nyuma, kama taarifa ya habari. Yeye alitaka picha ya sinema, ile ya mkanda: uso mmoja uwake, dunia nzima nyuma yake iyeyuke. Basi alitafuta lenzi ya kamera ya zamani, akaifunga mbele ya kamera yake kwa kipande cha bomba, na katikati akatia kioo alichokisaga kwa msasa mpaka kikawa na ukungu. Lenzi ilitupa picha kwenye kioo, kamera ikarekodi kioo. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuijaribu kazini.

Noela, mke wa Edson, alicheza mke wa mchimbaji anayekula peke yake huku akimngoja mume asiyerudi. Alikaa ameyapa maduara mgongo. Edson alitakiwa apite nyuma na kofia yake ya njano, kisha ashuke.

"Nishuke lipi, kaka?"

"Lolote. Huko nyuma kote ni ukungu, nani atakujua?"

"Kumbe hata sura haitokei? Nimeoga bure."

Noela alicheka, ikabidi waanze upya. Ndaki akarudisha jicho kwenye machozi ya shemeji yake, na hakuliondoa tena mpaka ardhi iliponguruma.

Sasa alifungua picha ile mbele ya watu. Ilikuwa kichwa chini, kama kioo kilivyoipokea. Alibofya mara moja kuipindua juu chini. Vichwa vikarudi juu, miguu ikarudi chini. Noela akatokea. Kope zake zilihesabika moja moja, na chozi lilikuwa na mwanga ndani yake. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Nyuma ya Noela hapakuwa na kitu ila madoa.

"Hiyo ndiyo kamera?" mmoja aliuliza. "Simu yangu ya kitochi inaona kuliko hiyo."

"Nyamaza wewe," alisema Marcel.

Kisha doa la njano likatokea, laini kama kiini cha yai. Likatembea polepole, likapungua, likamezwa na weusi.

"Kushoto," alisema Ndaki.

"Kamera ilisimama wapi?"

"Hapa hapa tulipo."

Marcel aliyatazama mashimo, akaitazama kompyuta, akarudi kuyatazama mashimo. "Sikiliza. Udongo huu sina pa kuumwaga ila juu ya lile la kulia. Nikianza hakuna kurudi nyuma. Sema tena."

Noela alikuwa amesimama pembeni, kitenge cha sinema bado kimemfunga kiuno. "Shemeji?" aliuliza.

"Kushoto," alisema Ndaki. "Nimemwona kwa macho yangu."

Kabla ya mtambo kuwashwa, walikuwa wanasikia mlio chini, chuma kikigonga jiwe. Ulitoka kila upande, kama ardhi yenyewe inapiga hodi. Katapila likaufunika.

Ndaki alitaka chepe. Kila chepe lilikuwa na mwenyewe. Alitaka kubeba mawe. Wakamwambia akae na shemeji yake, asiwapite miguuni. Akakaa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuwaambia watu wasimame wapi na watazame wapi, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Jua lilipolegea, Marcel alizima mtambo ili wasikilize. Mlio ulikuwepo, ila wa mbali kuliko mwanzo.

"Kachoka," alisema Marcel. "Anapumzika kidogo. Tunamkaribia."

Wote wakakubali, maana hapakuwa na kingine cha kukubali. Mtambo ukawashwa.

"Nionyeshe tena," alisema Noela.

"Hutaona kitu, shemeji. Ni doa tu."

"Ndilo hilo hilo. Nionyeshe."

Akaiweka kompyuta mapajani pa shemeji yake. Noela alilifuata doa lile la njano kwa kidole mpaka lilipomezwa. Akaomba arudishiwe. Akalifuata tena. Mara ya tatu alishindwa kulitazama, akashusha macho kwenye sahani iliyopakatwa na yule mwanamke wa kwenye picha.

"Simamisha hapo."

Ndaki akasimamisha.

"Mbona nakula kwa mkono wa kushoto?" Noela aliuinua mkono wake wa kulia, akautazama, akaitazama picha. "Shemeji, mimi toka nizaliwe sijatia kushoto kwenye ugali."

Mbele yao katapila lilizunguka, likamwaga kijiko kingine cha udongo juu ya duara la kulia.